Chembe Moja, Ukuta Mmoja

Wadogo zangu mnaoanza modeli za mchanga ndani ya pampu, wiki hii tena nimefungua faili ambamo chembe zinapita kwenye impela (gurudumu la mabapa linalosukuma maji) kama maji kwenye wavu. Tena! Basi tuliongee mpaka liishe.

1. Ukuta unaotembea si ukuta uliosimama. Karibu kila mgeni anaandika: chembe ikigusa ukuta, geuza alama ya kasi yake. Kwenye bomba lililotulia utapona, kwenye impela huponi. Chembe imetulia, bapa linaijia kwa mita 2 kwa sekunde. Sifuri ukiigeuza alama inabaki sifuri, na hatua inayofuata chembe iko ndani ya chuma. Toa kwanza kasi ya ukuta: unapata hasi 2. Igeuze, zidisha kwa kiwango cha mdundo (sehemu ya kasi inayobaki baada ya kugonga), tuseme 0.5, upate 1. Kisha rudishia ile 2. Chembe inaondoka kwa 3, mbele ya bapa. Mwenzenu mmoja alipoona zinapenya alipunguza hatua ya muda, akabana meshi (gridi ya kukokotolea), kompyuta ikakesha, nazo zikaendelea kupenya. Tulifuta kila kitu tukabakiza chembe moja na ukuta mmoja. Akaliona mwenyewe kabla sijafungua mdomo, na leo ndiye anayewaelekeza wenzake. Anzieni hapo, hata msimamizi akidai picha za rangi.

2. Majini mdundo haujileti. Namba ya Stokes ya mgongano (nguvu ya mwendo wa chembe ikilinganishwa na mnato wa maji) ikiwa chini ya takribani 10, maji yanayobanwa katikati yanaumaliza. Mchanga wa mikromita 100 ukigongwa kwa mita 2 kwa sekunde una namba karibu 59, utadunda. Huohuo ukizama wenyewe kwenye maji tulivu ya ziwa pale Capri Point, Mwanza, haufiki hata 1: ukifika chini, umefika.

3. Ukinzani wa maji wa 6πμaU (μ ni mnato wa maji, a ni nusu kipenyo cha chembe) ni wa chembe iliyo mbali na ukuta. Karibu nao weka masahihisho ya Faxén kwa mwendo sambamba, ya Brenner (1961) kwa mwendo wa kuuelekea. Na U ni kasi ya chembe ukitoa ya maji. Maji yanayogusa bapa yanakwenda na bapa.

4. Hatua ya muda iwe ndogo kuliko muda wa chembe kuitikia kasi ya maji inapobadilika: kwa mchanga wa mikromita 50, milisekunde 0.37.

Nawasumbua kwa sababu ulaji wa chuma hukua haraka kadiri kasi ya mgongano inavyopanda. Mkipima kasi hiyo bila kutoa ya ukuta, ramani yenu ya ulaji itaonyesha bapa halijaguswa mahali linapoliwa, na anayemwagilia nyanya kwa maji ya ziwa ataambiwa impela yake ni salama.