Nilivyojifunza kuzipata filamu za kutisha zilizosahauliwa, nikiwa hapa hapa Amu (Lamu)

Juzi binti mmoja wa Faza ameniandikia: "Kaka, hizi picha za kutisha unazozitaja wewe wazitoa wapi? Mimi nimezimaliza zote." Nilikuwa dukani Langoni, nimeshika simu ya mteja mkono mmoja na yangu mkono wa pili, na moyo ukanifurahi. Hilo neno la "nimezimaliza zote" nililisema mimi mwenyewe nikiwa na miaka 22. Nilikuwa nimeziona zile ambazo kila mtu ameziona, za wanasesere wenye visu na nyumba zinazojifunga milango, nikadhani sasa nimefika. Kumbe maji yalikuwa hayajanifika magotini.

Nimeona nimjibu hapa, kwa sababu anapouliza mmoja huwa wako kumi wenye hamu ile ile: kuona kitu ambacho mtaani hakuna aliyekiona, na kuwa wa kwanza kukileta.

Sina budi kuanza na usiku ulioniumiza. Ni miaka mitano sasa. Nilikuwa nimeipata Carnival of Souls, filamu ya Marekani ya mwaka 1962, nikaipenda mpaka nikawa naiota. Nikaazima projekta, nikatundika shuka jeupe darini kwetu chini ya makuti, nikaalika watu baada ya Isha. Walikuja 14, pamoja na ami yangu mmoja ambaye kwa desturi hatoki barazani kwake usiku. Filamu inamhusu msichana mpiga kinanda ambaye gari walimopanda linatumbukia mtoni, yeye akatoka mzima. Anahamia mji mwingine, na huko anaanza kumwona mwanamume mweupe kama sanda. Kuna mahali anaingia duka la nguo, na ghafla sauti yote ya dunia inakatika. Anawasemesha watu, hawamsikii wala hawamwoni. Mimi nilikuwa nimewaita watu wote wale kwa ajili ya dakika zile.

Sauti ikakatika. "Spika imekufa!" akapiga kelele mmoja. Mwingine akainuka kuzitikisa nyaya, akaing'oa moja. Ami akauliza kwa sauti, "Mwanangu, hii ni picha ya mabubu?" Dari zima likaangua kicheko. Nilipokuja kuurudisha waya, msichana alikuwa ameshaanza kusikika tena, na wageni wangu wako ngazini wanateremka. Walibaki wawili, na mmoja alikuwa amelala.

Neno hilo lilinifuata mwezi mzima. Hata gatini nilikuwa nikiitwa Picha za Mabubu. Sijalisahau.

Nikiwa katika uchungu huo ndipo nilipoanza kumsoma aliyeitengeneza. Herk Harvey kazi yake ilikuwa filamu za mafunzo, za kuonyeshwa shuleni na viwandani, katika mji wa Lawrence, Kansas. Safari moja akitoka California kwa gari, akaliona jumba la starehe la Saltair limeachwa tupu kando ya lile ziwa la chumvi la Utah. Jumba lile halikumtoka kichwani. Akachukua likizo kazini, akapiga filamu kwa wiki kama tatu kwa dola zipatazo 33,000, na yule mzuka mweupe akaucheza yeye mwenyewe. Filamu ikaanguka. Kampuni iliyoisambaza ikafilisika. Harvey akarudi kwenye filamu zake za mafunzo, na filamu ndefu ya hadithi hakutengeneza tena maishani mwake. Ilikuwa mwaka 1989 ndipo iliporudishwa kwenye kumbi na watu wakaipa haki yake. Miaka 27! Nilipofika hapo nikaiweka simu chini. Mimi nilikuwa naugua kwa ajili ya mwezi mmoja.

Hapo ndipo nilipopata ushauri wangu wa kwanza, ambao kwa kweli ndio karibu ushauri wangu wote: fuata mtu, usifuate orodha. Orodha za "filamu kumi usizozijua" zimeandikwa na watu walionakiliana, na kila mtu anazijua hizo kumi. Mtu ana njia yake. Kuna filamu yake iliyojulikana, na kabla yake au baada yake kuna iliyozikwa.

Mfano ni huu. Night of the Living Dead ya mwaka 1968 unaijua, au umeisikia. Msambazaji alipobadili jina lake, ile alama ya hakimiliki iliyokuwa pamoja na jina la kwanza ikaachwa, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule filamu ikawa mali ya umma. Ndiyo maana inapakuliwa bure kwenye Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni, bila mtu kuitwa mwizi, na Carnival of Souls nayo ni hivyo hivyo. Sasa, watu wanaitazama, wanaogopa, wanalala. Mimi nilijiuliza: huyu steringi ni nani? Mtu mweusi, ametulia, ana akili kuliko wote waliomo ndani ya nyumba ile, katika Marekani ya mwaka 1968. Ni Duane Jones. Nikamfuata. Nikakuta miaka mitano baadaye alicheza katika Ganja & Hess ya Bill Gunn, na usiku huo sikulala.

Gunn aliletewa pesa atengeneze filamu ya wanyonya damu weusi, kwa kuwa za aina hiyo zilikuwa zinauza. Akatengeneza kitu kingine kabisa, kizito, cha polepole, kama ndoto ya mgonjwa, chenye kanisa na damu na huzuni. Ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1973. Wenye pesa hawakuitaka. Wakaikatakata, filamu ya karibu saa mbili ikabaki dakika 78 hivi, wakaiuza kwa jina jingine. Iliokoka kwa sababu nakala kamili ilikuwa imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la MoMA, New York. Ukiitafuta, angalia urefu kwanza. Ikiwa ni fupi, achana nayo. Hiyo si ya Gunn.

Ushauri wa pili unatuhusu sisi wa pwani hasa, na sijaona mwingine akiusema. Sisi tumesoma chuoni. Herufi za Kiarabu tunazijua tangu tuna miaka mitano. Kifarsi na Kiurdu vinaandikwa kwa herufi hizo hizo, zimezidi chache tu. Basi andika jina la filamu kwa herufi zake unapotafuta! Ukiliandika kwa Kilatini unapata vipande na matangazo. Ukiliandika kwa herufi zake unapata filamu yenyewe, mabango yake, na wazee wanaoikumbuka. Kwa njia hiyo niliipata Zinda Laash ya Khwaja Sarfraz, iliyopigwa Pakistan mwaka 1967: profesa anatafuta dawa ya uhai, anainywa, anafufuka akiwa mnyonya damu. Humo mna nyimbo na dansi, na bado inatisha. Aliyecheza profesa yule ni Rehan. Nikamfuata Rehan pia, na miaka 40 baadaye nikamkuta mzee katika Zibahkhana ya mwaka 2007, iliyotengenezwa na Omar Ali Khan, mwenye duka la aiskrimu Islamabad. Nani angekuwekea hiyo kwenye orodha?

Hapa nina jambo ambalo lingali linanichoma, nitalisema. Nilikuwa na rafiki. Miaka miwili tulitazama pamoja, bando langu, projekta ya kuazima kwa jina langu, maandishi ya chini namsomea mimi. Alihamia Mombasa. Mwaka jana nikaletewa video yake anayozungumzia "filamu nilizozigundua", na zilikuwa ni zangu, kwa mpangilio wangu. Nilijuaje? Kwenye daftari langu nilikosea, nikaandika Zinda Laash ni ya mwaka 1968. Naye akasema 1968. Sikumpigia simu. Lakini nakwambia wewe unayesoma: taja aliyekuonyesha. Filamu hizi zimedhulumiwa vya kutosha na waliozikata na kuziuza kwa majina ya bandia, tusizidhulumu tena sisi tunaodai kuzipenda.

Tena acheni haraka. Nasema na vijana hasa. Mnatazama dakika tano, mnaruka mbele, mnasema haitishi. Woga haurukwi. Unaingia polepole kama maji yanavyoingia dauni, na ukishtuka umeshalowa.

Anza pia na woga unaoujua. Bibi yangu alitukataza kusimama kwenye upepo wa kuzunguka, ule wa kinyamkera, na mpaka leo nikiuona naukwepa. Kwa hiyo nilipoitazama Under the Shadow ya Babak Anvari, ya mwaka 2016, sikuhitaji kuelezwa. Ni Tehran wakati wa vita vya Iran na Iraq, kombora limetoboa dari bila kulipuka, na majini yanakuja na upepo. Mama amebaki na mtoto wake na mwanasesere amepotea. Au Viy, ya Urusi ya Kisovieti, mwaka 1967: mwanafunzi wa dini analazimishwa kusoma sala usiku tatu kanisani peke yake na maiti ya msichana, naye anajichorea duara la chaki asifikiwe. Mtu aliyewahi kuona kago, ile kinga ya uganga, hapa kwetu ataelewa duara lile kabla Mzungu hajaelewa. Tuna mtaji huo, na tunauacha tukikimbilia za wanasesere.

Jumamosi iliyopita niliirudia Carnival of Souls. Dari lile lile, shuka jingine. Safari hii nilialika tisa, nikawamiminia kahawa, simu zikawekwa kikapuni, na kabla ya kuwasha nikawasimulia habari za Harvey kwa dakika kumi: likizo yake, jumba tupu, miaka 27. Kuhusu sauti sikusema kitu. Ami alikuja. Nilikuwa sikumwalika, alisikia tu akaja, akakaa mbele na tasbihi yake.

Sauti ikakatika. Hakuna aliyeinuka. Msichana anafungua mdomo dukani, na darini tukawa tunasikia makuti, na punda mmoja chini kichochoroni, na mbali kidogo boti inaingia. Nilitazama nyuso zao badala ya shuka. Tasbihi ya ami ilikuwa imesimama.

Ilipokwisha wengine waliteremka, yeye akabaki. Akaniuliza, "Yule mwanamke, alijua tangu lini?" Ni swali ninalojiuliza tangu mara ya kwanza, na sikuwa na jibu la kumpa. Tukakaa mpaka kahawa ikapoa.

Kwa hiyo, dada wa Faza, anza na hizo mbili za bure, kisha mfuate Jones. Na wewe una kazi ya kunisaidia. Mussa Banzi wa Tanzania alitengeneza filamu za kutisha kwa Kiswahili chetu miaka ya 2000, Nsyuka na Shumileta, na naitafuta Nsyuka katika kanda. Uliza kwenu Faza, uliza Siyu na Pate, kwa yeyote aliyewahi kuwa na banda la vidio. Hata kama imeshika ukungu, nitaisafisha. Deki ninayo, na inafanya kazi.