Jibu: Mtoa huduma wa kuwatafutia ajira wenye ulemavu alipwe vipi?

Mkuu, umeuliza alipwe kwa waliohudhuria mafunzo au kwa walioajiriwa. Ukilipa kwa mahudhurio utaletewa picha za vyeti na fulana, basi. Gawa malipo: kidogo mtu akiandikishwa, zaidi akianza kazi, fungu nono akifikisha miezi sita kazini. Ila hapo chunga, mjanja atachukua wenye ulemavu mdogo na kuwaruka wasioona na viziwi. Kwa hao panda dau, na mkalimani wa lugha ya alama awe na bajeti yake, asikatwe humo humo kwenye malipo ya mtoa huduma. Waajiri wa kuanza nao? Wenye wafanyakazi 20 na zaidi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 hapa Tanzania inawadai asilimia 3 ya wafanyakazi wao wawe watu wenye ulemavu.