Kichwa cha mada kisikatwe njiani

Msomaji mmoja alinijia kaunta ya maktaba, simu mkononi, uso ameukunja. "Dada, hii katalogi yenu inanichezea." Alikuwa amefungua kitabu cha historia, akaona chini yake pameandikwa "Tanzania -- History", akabofya apate vingine vya aina ile. Akaletewa sheria za ardhi, uvuvi, malaria, kila kitu chenye jina Tanzania.

Nikaona aibu, maana mipangilio niliiweka mwenyewe.

Maneno yale ndiyo kichwa cha mada. Kwenye rekodi ya MARC, muundo wa kuandikia taarifa za kitabu kwenye kompyuta, kinakaa sehemu iitwayo fildi ya 651: jina la mahali kwenye kijisehemu $a, mada ndogo "History" kwenye kijisehemu $x. Kwenye skrini kilionekana kizima, lakini kiungo kilikuwa kinabeba $a peke yake. Ni sawa na kumwelekeza mtu duka, "Liko Kariakoo", halafu ukakata simu.

Kama unatumia Koha, programu ya maktaba, kama sisi, ingia kwenye mipangilio ya mfumo utafute TraceSubjectSubdivisions, uiruhusu ibebe na mada ndogo. Jirani yake, TraceCompleteSubfields, inalazimisha utafutaji ulingane na kijisehemu kizima, si neno lililodokolewa katikati. Mimi nimewasha zote mbili. Kazi ya dakika tano, na nilikaa nayo miezi bila kujua! Ukimaliza, usijipongeze ukiwa umeingia kama mkutubi: toka, chukua simu yako, bofya kama msomaji.

La pili ni marudio. Rekodi tunazonakili nje mara nyingi huja na vichwa vya Library of Congress, maktaba ya bunge la Marekani iliyoko Washington, pamoja na vya FAST, orodha nyingine iliyorahisishwa kutokana na hiyo, mada ileile mara mbili, tatu. Msomaji anadhani mfumo umeharibika. Usivifute. Angalia kiashiria cha pili, tarakimu inayotaja orodha kichwa kilikotoka, kwenye fildi ya 650 ya mada: 0 ni Library of Congress, 2 ni MeSH, orodha ya mada za tiba, 7 maana yake chanzo kimetajwa kwenye $2. Chagua orodha moja ya kuonyesha, nyingine zibaki ndani ya rekodi. Chuo cha afya kitaanza na MeSH. Sisi hatuna sababu hiyo.

Kinachonisumbua zaidi ni lugha. Kitabu cha mihogo kinaitwa "Cassava" kwenye kichwa cha mada, na msomaji wangu anaandika "mihogo". Anapata sifuri, anaondoka, wala haniulizi. Siwezi kujitungia kichwa cha Kiswahili nikakibandika kiashiria 0 kana kwamba kimetoka Washington. Ila fildi ya 653 ipo kwa maneno huru, basi naandika humo "mihogo", "muhogo", "kilimo cha mihogo". Kwa onyesho nimeipa mstari wake, "Maneno ya Kiswahili", isichanganyike na vichwa rasmi.

Naanza na vitabu vinavyoulizwa kaunta, vichache kila jioni kabla ya kufunga. Wiki hii niko kwenye ufugaji wa kuku.