Vijana wa Obunga na hesabu ya KRA

SWALI: Nina karakana ya samani karibu na soko la Kibuye, Kisumu, na mafundi watatu. Nataka kuongeza vijana sita kutoka Obunga na Manyatta, mitaa ya watu maskini hapa mjini, mmoja wao ana ulemavu wa mguu. Binamu yangu aliye Chicago ananiambia kwao mwajiri akichukua kijana wa mtaa wa maskini anapunguziwa kodi. Je, KRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya, wana mpango kama huo? Mauzo yangu ni kama milioni 4.8 kwa mwaka, nalipa TOT, ile kodi ya mauzo ya biashara ndogo. – Fundi wa Kibuye

JIBU: Ndugu yangu, nikujibu moja kwa moja: hapana. KRA haiulizi mfanyakazi wako analala wapi.

Binamu yako hakukudanganya, lakini. Tangu 1996 Marekani wamekuwa na punguzo liitwalo Work Opportunity Tax Credit. Kati ya makundi yanayohesabiwa kuna vijana wa miaka 18 hadi 39 wanaoishi katika maeneo maalum yaliyotengwa kwa sababu ya umaskini. Kijana akifanya kazi saa 400 au zaidi, mwajiri anakatiwa kodi asilimia 40 ya dola 6,000 za kwanza za mshahara, yaani dola 2,400. Fomu lazima ifike ofisi ya ajira ya jimbo ndani ya siku 28 tangu kijana aanze kazi, na akihama eneo lile, mshahara wa baada ya hapo hauhesabiwi. Sheria yenyewe huwa na tarehe ya kuisha. Iliyowekwa mara ya mwisho ninayoijua ilikuwa 31 Desemba 2025, basi binamu yako ahakikishe kama iliongezwa.

Kwetu sheria hutazama kiwanda kimejengwa wapi. Kampuni iliyo katika eneo maalum la kiuchumi kule Naivasha hulipa kodi ya asilimia 10 kwa miaka kumi ya kwanza, hata kama wafanyakazi wake wanatoka Runda, mtaa wa matajiri wa Nairobi. Zamani mwekezaji mkubwa aliyejenga nje ya Nairobi, Mombasa na Kisumu aliruhusiwa kutoa kwenye mapato yanayotozwa kodi asilimia 150 ya gharama, mpaka nafuu hiyo ikafutwa 2020. Kisumu tulihesabiwa mji mkubwa siku hiyo, tukakosa.

Kilicho karibu na unachotafuta ni kifungu cha 39B cha Sheria ya Kodi ya Mapato. Ukichukua wanagenzi wasiopungua kumi, waliohitimu chuo kikuu au vyuo vya ufundi, ukakaa nao miezi 6 hadi 12, mwaka unaofuata unapata punguzo la nusu ya mishahara uliyowalipa. Wa ufundi waliongezwa 2021. Kinachotazamwa ni cheti, si mtaa, na wewe una sita. Kwa maoni yangu kifungu hiki kilishonwa kwa mwili wa kampuni kubwa. Karakana za Kibuye zikikivaa kinaburuta chini.

Sasa nikuonyeshe pesa zako zilipo. TOT ni asilimia 3 ya mauzo yote, kwa hivyo unalipa 144,000. Uajiri kijana mmoja au ishirini, kodi ni ile ile, kwa sababu TOT haitambui gharama yoyote. Mshahara kwako haupunguzi hata shilingi.

Tuseme unawalipa wote tisa 20,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 2,160,000. Ongeza sehemu yako ya mwajiri: NSSF (mfuko wa uzeeni) asilimia 6, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, na shilingi 50 za NITA (ushuru wa mafunzo ya viwandani) kwa kila mtu kila mwezi. Jumla inafika 2,327,400. Mbao, rangi na misumari tuseme 1,700,000, pango la banda na stima 272,600. Faida inabaki 500,000. Ukiwa mfanyabiashara binafsi katika kodi ya mapato ya kawaida, faida hiyo inatozwa 87,400, ukitoa nafuu yako ya mwaka ya 28,800 unalipa 58,600. Umeokoa 85,400, na vijana wa Obunga ndio waliokuokolea.

Sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba umechagua kutoka TOT. Gharama yake ni kuweka vitabu vya hesabu. Mshahara wa kibarua hauhitaji ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, lakini mbao zinahitaji, kwa hivyo yule muuza mbao asiyetoa risiti umsahau. Walipe vijana kwa M-Pesa au benki, wawe na PIN ya KRA, uwatangaze kwenye ritani ya PAYE (kodi ya mishahara) kila mwezi hata kama hawakatwi kodi hiyo; mtu wa 20,000 hafikii 24,000 ambapo kodi huanza. Na faida ikipanda sana, TOT inaweza kuwa nafuu tena. Piga hesabu kabla ya kuandika barua. Mauzo yakigusa milioni 5, VAT, kodi ya ongezeko la thamani, inabisha hodi.

Huyo kijana mwenye ulemavu ndiye pekee ambaye sheria imemtaja hasa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilimruhusu mwajiri kuomba kutoa kwenye mapato yake asilimia 25 zaidi ya mshahara wa mfanyakazi wa aina hiyo. Kwa 240,000 za mwaka ni 60,000, yaani kodi ya 18,000 kwa hesabu yetu, na tena si ukiwa ndani ya TOT. Sheria mpya ilichukua nafasi yake 2025, basi pitia kwanza ofisi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu uulize masharti ya sasa, na kijana asajiliwe hapo hapo. Msamaha wake mwenyewe wa kodi, hadi 150,000 kwa mwezi, hautamsaidia kwa mshahara huu. Utamfaa siku atakapokuwa na karakana yake.