Mafuta ya nazi kwenye siti za ngozi? Hapana

Hapana ndugu, usipake. Ngozi ya siti za magari mengi imepigwa rangi, kisha juu yake kuna tabaka jembamba la plastiki. Mafuta ya nazi hayapenyi hapo. Yanabaki juu, yananasa vumbi, na suruali nyeupe ndiyo itakayokuletea habari. Kiwi ya viatu ndiyo mbaya kabisa, jua likipiga kidogo tu inahamia kwenye nguo.

Naosha magari, na siti nyingi ninazoletewa zikiwa "zimechakaa" ni uchafu wa jasho tu, hasa upande wa dereva pale anapopitisha paja akipanda. Nyonya kwanza kwa mashine ya vumbi mchanga ulio kwenye mikunjo, maana ndio unaokwaruza. Halafu maji ya vuguvugu na matone machache ya sabuni laini, kitambaa kikamuliwe vizuri, mswaki laini kwenye mishono. Futa tena kwa maji matupu, kausha. Siti zenye vitundu usizilowanishe, maji yanaingia kwenye sponji na hapo harufu haitoki leo.

Dashibodi nayo kitambaa hichohicho kinatosha. Zile dawa za kung'arisha dashibodi, mchana zinaakisi kwenye kioo cha mbele, utaendesha umekunja uso. Kinga ya kweli ni kivuli, au lile pazia la kioo.

Ila kabla ya kuosha siti, jaribu tone la maji pasipoonekana: likizama na kuacha weusi, ngozi ya siti yako haina lile tabaka la plastiki. Hiyo usiiguse kwa sabuni, mpelekee fundi wa ngozi.