Ukipiga Yowe Shambani, Nani Atakuja?

Juzi kijana mmoja wa Masindi, hapa Uganda, aliniandikia: "Kaka, nina milioni mbili, kamera nimepata ya kuazima, na bibi yangu aliacha nyumba shambani ambayo haina mtu. Nataka kutengeneza filamu ya muuaji wa usiku. Nisaidie, damu ya bei nafuu nitaipata wapi?"

Nilikaa na ujumbe huo siku mbili. Swali lake ndilo lililokuwa langu nilipoanza, na mimi sikupata wa kuniambia kwamba damu ni jambo la mwisho kabisa. Nilipoanza kumjibu nikaona maneno yanazidi kuwa mengi, na najua hayuko peke yake. Wewe unayesoma hapa huenda tayari una nyumba yako kichwani, na una mtu amesimama mlangoni ameshika panga.

Nyumba tuliyopigia filamu yetu ilikuwa upande wa Kigumba, ndani kidogo kutoka barabara kuu ya Gulu. Matofali ya kuchoma, vyumba vinne, mabati yameshika kutu, ghala la mahindi nyuma na mwembe mmoja mkubwa mbele. Mwenyewe alikuwa amehamia mjini, akatuachia kwa wiki mbili kwa shilingi laki tatu na ahadi kwamba tutamtengenezea mlango wa jikoni. Tulifika Januari. Mabua ya mahindi yalikuwa yamekauka, upepo ukipita yanakwaruzana kama mtu anatembea ndani yake. Nikawaambia wenzangu, hapa kazi imekwisha nusu. Tulikuwa watu sita tuliochanga milioni nne na laki nane, pesa za mahindi, za boda, na mmoja aliuza mbuzi wake watatu.

Hadithi niliyoandika ilikuwa hivi: ndugu watano wanatoka Kampala kuja kuuza shamba la babu yao aliyefariki. Usiku mtu aliyevaa kofia ya mrina asali, ile yenye wavu unaoficha uso, anaanza kuwamaliza mmoja mmoja. Kofia ile naipenda hadi leo. Katika filamu ya kutisha ya Halloween ya 1978, mwongozaji John Carpenter na wenzake walinunua kinyago cha dukani kwa bei ya chini ya dola mbili, wakakipaka rangi nyeupe, na dunia nzima ikakiogopa. Nami nilitaka kitu ambacho kila mtu wa kwetu amekiona mchana bila kukiogopa. Upande huo sikukosea.

Nilikosea kwingine, na nilijua usiku wa tatu.

Tulikuwa tunapiga tukio la dada anayekimbia kutoka ghalani. Nilimwambia alie kweli, asiibane sauti. Dada yule amekulia kwenye kwaya, sauti yake inafika mbali. Tukarudia mara nne. Katika mara ya tano nikaona mwanga wa tochi ndani ya mahindi, kisha wa pili, kisha ikawa mingi. Watu walikuja mbio, wanaume kwa wanawake, wengine vifua wazi, na fimbo, na mikuki, na mapanga ya kweli. Walichokikuta ni msichana aliyelowa damu kifuani na mwanaume aliyefunika uso, panga mkononi.

Panga lenyewe lilikuwa la ubao, tumelipaka rangi ya fedha. Gizani nani angejua? Kijana wetu aliangushwa chini, akapigwa fimbo mbili za mgongo. Aliyemwokoa ni dada mwenyewe. Alimlalia juu, akawa anapaza sauti kwamba huyu ni ndugu yangu, ni mchezo, kwa Kiswahili, kisha kwa Kiacholi, kisha kwa Kiswahili tena. Mimi nilisimama na kamera mkononi na mdomo umekauka. Sitaki kulipamba hilo. Nilikuwa kiongozi wa kazi na sikusogea.

Barua ya mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, nilikuwa nayo, polisi nao walikuwa na taarifa. Ila nilikuwa nimearifu kijiji kimoja, na sauti ya usiku haijui mipaka ya vijiji. Waliokuja walitoka ng'ambo ya kinamasi.

Tuliwapa chai. Mzee mmoja aliyekuja na mkuki alikaa karibu nami, akasema bila hasira, "Mwanangu, huku yowe si la kuchezea. Mtu akilipiga tusipokuja, sisi tutakuwa watu gani?"

Sikulala. Nilikuwa nimeandika filamu ambayo uhai wake wote unasimama juu ya neno moja, kwamba pale shambani hakuna atakayekuja. Nilikuwa nimelichukua neno hilo kutoka filamu za Marekani bila kulichunguza. Kule nyumba ya shamba iko mbali na kila mtu, maili na maili, na umbali wenyewe unatosha kuogopesha. Kwetu nyumba hata iwe porini ina mtu anayekata kuni jirani, ina mchunga ng'ombe, ina mama anayeamka saa kumi za usiku kwenda kisimani. Yowe likipigwa wanakuja. Kila mtazamaji wa Uganda analijua hilo tangu utotoni, na ukimwonyesha nyumba ambayo watu watano wanauawa kwa makelele na hakuna jirani hata mmoja, atakaa kimya dakika kumi kisha atauliza kwa sauti, majirani wako wapi? Hapo filamu imekufa, hata ukimwaga damu ya ng'ombe mzima.

Asubuhi nilisimamisha kazi. Siku tatu tulikula posho na maharage bila kupiga hata shoti moja, na wenzangu wawili walikasirika sana, kwa haki, kwa sababu kila siku ilikuwa inakula pesa. Nikaandika upya. Sasa babu wa hadithi alikuwa na siri. Miaka mingi nyuma jirani yake alivamiwa usiku, akapiga yowe, na babu akafunga mlango akazima taa. Kijiji kikakaa, kikakubaliana: kutoka nyumba ile, yowe halitaitikiwa tena. Babu amekufa bila kuwaambia wajukuu. Wao wanalia, wanalia, wakiamini mtu atakuja.

Kisha tukapiga tukio ambalo najivunia kuliko yote niliyowahi kufanya. Watu wamekaa kuzunguka moto. Kwa mbali sauti ya msichana inasikika. Mama mmoja anainua kichwa. Anamtazama mumewe. Mume anasukuma kuni ndani ya moto. Hakuna anayesimama. Sekunde arobaini, kamera haitikisiki, hakuna tone la damu. Waliokaa kwenye moto ule ni walewale waliotujia na mikuki. Tuliwaeleza mara moja tu kisa chenyewe, nao hawakuhitaji kufundishwa. Mama yule machozi yalimtoka ya kweli, akaniambia baadaye kwamba kukaa chini wakati mtu analia kulimuuma magoti.

Tulipoionyesha kwenye kibanda cha video pale Bweyale, watu walikuwa wanaongea, wanakula karanga, wanamtania muuaji, kama kawaida ya kibanda. Lilipofika tukio la moto, kibanda kizima kilinyamaza. Nilisikia jenereta ya jirani. Hakuna mtu atakayeninyang'anya usiku ule.

Kwa hiyo kijana wangu wa Masindi, kabla ya damu, jiulize nani anasikia, na kwa nini haji. Ukishalijibu hilo una filamu. Bila jibu una watu wanaokimbia gizani.

Haya mengine nakupa haraka. Sauti ndiyo itakayokuua. Tulitumia karibu laki tisa kwa vitu vya kuonekana, na kwa sauti tukatumia elfu sitini, maikrofoni moja tuliyoifunga kwenye fimbo ya mwanzi. Upepo wa Januari uliingia ndani yake kama ndani ya chupa. Mvua ya ghafla ikapiga mabati na kutuharibia usiku mzima. Jenereta tuliiweka nyuma ya kichuguu tukidhani imenyamaza, ila ukisikiliza filamu yetu utaikuta chini ya kila neno. Laiti ningekodi betri ya sola na taa ndogo nne. Sauti za vilio zirekodi mchana, chumbani, na magodoro ukutani, na kijiji chote kiwe kimeambiwa, na cha jirani, na cha ng'ambo ya kinamasi.

Giza usilifukuze. Kwetu jua linazama karibu saa moja jioni, na mwanga ule wa buluu haudumu hata nusu saa, maana tuko karibu na ikweta. Fanyeni mazoezi tangu saa kumi, kila mtu ajue hatua zake, kisha pigeni upesi. Shoti zetu nzuri zote zimetoka kwenye dakika zile.

Damu, kwa kuwa uliniuliza: sukari iliyochemshwa ikawa nzito, rangi nyekundu ya chakula, kakao kidogo ili isiwe kama soda, na tone la sabuni ya maji ili nguo ifulike. Nguo zifungie kwenye ndoo yenye kifuniko usiku, la sivyo asubuhi utakuta sisimizi wamezijaa. Na shati la mhusika usinunue mtumba. Shati la mtumba liko moja tu duniani, likishalowa damu huna la kurudia tukio. Nunua mashati matatu ya sare ya shule, yanafanana. Lakini nakuomba utumie kidogo. The Texas Chain Saw Massacre ya 1974, ambayo Tobe Hooper aliipiga kwenye nyumba ya shamba katika joto la Texas, ina sifa ya kumwaga damu dunia nzima, ila ukiiangalia kwa makini damu inayoonekana ni kidogo sana. Watu wanatoka wanaapa wameona walichokisikia tu.

Na andika jina lako kwenye kazi yako. Night of the Living Dead ya George Romero, nayo ya nyumba ya shamba, ilitoka 1968 bila tangazo la hakimiliki kwa sababu msambazaji alibadilisha jina la filamu akasahau kurudisha tangazo hilo, na tangu hapo kila mtu aliiuza bila kuwalipa walioitengeneza. Sisi Uganda tuna sheria ya hakimiliki ya 2006 inayokulinda hata usiposajili, lakini sajili. Mikataba na waigizaji iandikwe, hata kwa kalamu kwenye daftari, na walipwe kabla hujajilipa wewe.

Nimeyasema haya yote bado nina kidonda. Tuliipeleka filamu Kampala kwa mtu wa kituo fulani cha televisheni. Aliitazama dakika sita. Akasema sauti ni mbaya, na hilo nililikubali. Kisha akasema, "Na Kiswahili, nani atatazama? Rudia kwa Kiluganda." Hilo sikulikubali na sitalikubali. Bweyale ina Waacholi, Wanyoro, Walugbara, watu waliotoka Sudan Kusini na Kongo, Wakenya waliokimbia machafuko ya 2008, na sokoni wote wanaelewana kwa Kiswahili. Katiba yetu imekitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005. Dada wetu aliomba uhai wa mwenzake kwa lugha hiyo, na watu wakashusha mikuki. Usikubali mtu akwambie lugha yako haina watazamaji kabla hajakaa kwenye kibanda chenu. Tafuta kibanda. Onyesha huko kwanza. Ukirekebisha, rekebisha sauti, lugha iache.

Nilimtumia kijana sehemu ya kwanza ya haya, lile swali la nani anasikia. Alijibu usiku huohuo. Kumbe nyumba ya bibi ina jirani mmoja, mita mia mbili tu, mzee ambaye hajasalimiana na familia yao tangu kesi ya mpaka wa shamba. Nikamwambia asiandike neno hata moja kabla hajaenda kukaa na mzee huyo, apeleke sukari, asikilize. Ameenda. Mzee alimfungulia. Sasa ameniuliza nitafika lini, nami nimemwambia Jumamosi, na maikrofoni nitakuja nayo mimi.