Usitie hilo yai zima! Biskuti sita za chokoleti hazilitaki

Weka hilo yai chini kwanza. Taratibu, lisije likapasuka bure.

Umeandika una mapishi ya biskuti 24 za chokoleti, unataka 6 tu za wewe na mtoto, umegawanya kila kitu kwa nne kwa kutumia kikombe cha chai, halafu ukamalizia hivi: "yai haligawanyiki, nitatia moja zima, si litaongeza utamu tu?" Haliongezi utamu, mkuu. Hapo ndipo siagi, chokoleti na umeme wako vinapokwenda na maji. Umeuliza na mengine, chokoleti ya kunywa, jiko la mkaa, namna ya kuhifadhi, lakini hayo yote hayana maana kama hilo yai litaingia bakulini lilivyo.

Hesabu yenyewe hii hapa. Mapishi uliyoweka yana unga gramu 280, siagi 225, sukari 300, kakao 60, chokoleti ya kukatakata 200 na mayai 2. Robo yake ni unga 70, siagi 56, sukari 75, kakao 15, chokoleti 50. Na robo ya mayai mawili ni nusu yai. Yai la kuku wa kisasa la ukubwa wa kati, ukiondoa ganda, lina kama gramu 50: ute 32, kiini 18. Ulitakiwa utie gramu 25, wewe unajiandaa kutia 50. Ni mara mbili! Ungetia unga mara mbili usingeshangaa biskuti ikitoka kama kigae, lakini yai kila mtu analionea huruma eti kwa sababu ni moja.

Tena kinachozidi hapo siyo kiini tu. Ute wa yai ni maji, karibu sehemu tisa kati ya kumi, na kilichobaki karibu chote ni protini. Maji yakizidi, unga wa ngano unaanza kuvutana kama wa chapati kila unapokoroga. Yakifika kwenye moto yanageuka mvuke, yanainua donge. Kisha ile protini inaganda na kulishikilia hapo hapo juu. Kwa hiyo badala ya biskuti yenye ukingo mkavu na katikati laini inayonata kidogo, unatoa kitu kilichovimba, chenye vitundu ndani, kinachorudi juu ukikibonyeza. Andazi bapa la rangi ya kakao. Keki iliyokaliwa. Mtoto atakula, watoto hawana kinyongo, ila wewe utajua.

Na hapo bado hatujafika kwenye hasara yenyewe. Hasara ni kile utakachokifanya baada ya kuona donge limekuwa uji.

Maana litakuwa uji. Utaliangalia, utasema "aa, unga umepungua", utatupia vijiko viwili vya chakula vilivyojaa. Hivyo ni karibu gramu 30. Kwenye mapishi ya biskuti 24 gramu 30 zingepita bila mtu kujua, ila hapa umetoka 70 ukaingia 100. Siagi yako ilikuwa gramu 80 kwa kila gramu 100 za unga, sasa imeshuka hadi 56. Sukari ilikuwa inauzidi unga, sasa ni robo tatu yake. Donge litashikika, utafurahi, utaonja. Halina utamu. Utatia sukari. Rangi imepauka, utatia kakao kijiko kimoja, na kakao ni kavu kuliko unga, inakunywa maji yote, sasa donge linapasuka ukilifinyanga. Utatia maziwa. Maziwa yatalilainisha, utatia unga. Ukishtuka una donge la biskuti 12 ambalo halifanani na mapishi ya mtu yeyote duniani, soda ya kuokea ni ile ile ya biskuti 6, na chokoleti ya gramu 50 uliyonunua kwa kujinyima imetawanyika humo kama nyama kwenye wali wa msibani.

Usiniulize nimeyajuaje haya kwa mpangilio huo. Kuku wa jirani wananifahamu kwa jina.

Kwa hiyo kama umeshatia yai zima na bado hujatia kitu kingine, simama. Usirekebishe kwa unga. Njia pekee yenye akili ni kukubali kwamba umetengeneza nusu ya mapishi: ongeza kila kitu mpaka kifike nusu, yaani unga 140, siagi 112, sukari 150, kakao 30, chokoleti 100, na soda na chumvi navyo mara mbili. Utapata biskuti 12 badala ya 6. Ni nyingi kwa watu wawili, lakini zitakuwa biskuti.

Sasa hawa wa video. Mtu ana jiko la marumaru, taa tatu, kucha zimepakwa rangi, anatabasamu anasema "ukitaka kidogo gawanya tu, na yai moja halina neno." Halina neno kwa nani? Yeye hapimi, anamimina kutoka kwenye vibakuli vidogo vilivyopimwa tayari na mtu asiyeonekana kwenye kamera. Halafu akikata biskuti mbele yako inakuwa ile ya mapishi makubwa iliyookwa kabla. Kuna mmoja alisema kabisa "pima kwa macho, upishi ni moyo". Moyo wangu mimi ni mzima, donge ndilo lililokufa. Pilau unaweza kupima kwa macho kwa sababu sufuria ni kubwa na unaonja ukienda. Biskuti ikishaingia kwenye oveni huna unachoweza kuongeza wala kupunguza.

Kanuni yangu ni moja na sina nyingine: kila kitu kinapanda mizani, na yai likiwemo.

Sababu ni kwamba ukigawanya mapishi, kosa haligawanyiki. Kikombe cha mapishi ya Kimarekani ni kama mililita 240. Kikombe chako cha chai kinaweza kuwa 180, kinaweza kuwa 220, inategemea ulinunua seti gani. Na hata kikombe kile kile, ukichota unga moja kwa moja mfukoni unaushindilia, unapata gramu 150. Ukiuchekecha na kuutia kwa kijiko unapata 120. Tofauti ya gramu 20 kwenye unga wa 280 ni asilimia 7, biskuti inavumilia. Gramu 20 hizo hizo kwenye unga wa 70 ni asilimia 29. Hapo unaoka kitu kingine kabisa. Watu wanadhani mapishi madogo ni ya kujifunzia kwa sababu ukikosea hasara ni ndogo, kumbe ndiyo yasiyosamehe.

Tafuta mizani ya jikoni ya dijitali inayosoma gramu moja moja. Weka bakuli juu yake, bonyeza kitufe cha kuirudisha sifuri, tia siagi mpaka 56, rudisha sifuri, tia sukari mpaka 75, endelea hivyo. Angalia hili: mizani nyingi za bei ndogo hazisikii ukidondoshea kidogo kidogo sana. Unatia, unatia, namba imesimama, kumbe umeshazidisha. Ukiona hivyo nyanyua bakuli, lirudishe, soma upya. Na vitu vya chini ya gramu 5 usivipime kwa mizani hiyo kabisa. Soda ya kuokea ipime kwa kijiko. Mapishi yako yanataka kijiko kimoja cha chai, kwa hiyo wewe unahitaji robo. Jaza kijiko cha kupimia cha mililita 5, kisawazishe kwa mgongo wa kisu, mwaga juu ya karatasi, tandaza iwe mraba, kata msalaba, chukua pembe moja. Tafadhali iwe soda ya kuokea, siyo magadi ya kuchemshia maharage. Chumvi ni kubana kidogo kwa vidole viwili.

Yai sasa. Una njia mbili. Ya kwanza, vunja yai kwenye kikombe, lipige kwa uma mpaka ute na kiini visiweze kutofautishwa. Usiponde mara mbili tatu ukaacha, ute usiochanganyika unashuka wote kwa mkupuo kama kamasi na utapitiliza. Mimina gramu 25 kwenye mizani. Lililobaki kaanga na kitunguu. Ya pili, ambayo ndiyo naipenda: tia kiini peke yake na kijiko kimoja cha chai cha maziwa. Kiini gramu 18, maziwa kama 5, umefika 23, na kiini kina mafuta kwa hiyo biskuti inatoka nzito na laini katikati. Na kama mayai yako ni ya kienyeji, achana na namba zangu za mwanzo. Yale ni madogo, na kuku mmoja hafanani na mwenzake. Pima.

Mengine ni mepesi. Siagi iwe laini, ukibonyeza kidole kinaacha shimo, isiwe imeyeyuka, na kwa joto la Dar dakika 20 nje ya friji zinatosha. Ichape na sukari kwa mwiko kama dakika 2. Mashine ya umeme hapa haina kazi, mchanganyiko ni mdogo, visu vyake vinazunguka hewani. Tia yai lako lililopimwa na matone ya vanila, koroga. Chekecha unga, kakao, soda na chumvi pamoja, mimina humo, koroga mpaka unga mkavu usionekane, kisha acha. Tia chokoleti uliyoikatakata. Gawa vidonge sita, kila kimoja kitakuwa kama gramu 48, na ndiyo, navyo pima, la sivyo kidogo kitaungua kikubwa kikiwa kibichi. Weka friji dakika 30. Usiruke hapo kama unaishi pwani, siagi ikiingia kwenye oveni tayari imelegea biskuti inatambaa mpaka ikutane na jirani yake.

Oveni iwashwe dakika 15 kabla. Nyuzi 175 kwa oveni kubwa. Kwa ile ndogo ya mezani shuka mpaka 165, nyaya zake za moto ziko karibu mno na chakula. Oka kimoja kwanza. Kimoja tu, vitano vibaki friji. Ni dakika 10 hadi 12, na usitafute rangi maana donge la kakao ni jeusi tangu mwanzo, halikuambii kitu. Gusa: ukingo uwe umeshika, katikati pawe bado panabonyea kidogo na panaonekana kama hapajaiva. Toa, acha juu ya trei dakika 10, itajimalizia yenyewe kwa joto lake. Ikitambaa sana, rudisha vidonge friji dakika 20 zaidi. Ikibaki kilima, bonyeza vingine kidogo kwa kiganja kabla ya kuoka. Ukipoteza hicho kimoja una vitano vizuri. Ukiviingiza vyote sita kwa pamoja, vinaharibika vyote kwa pamoja.

Chokoleti ya kunywa ni hapana. Soma nyuma ya kopo, kitu cha kwanza kwenye orodha mara nyingi ni sukari, kakao inakuja baadaye kwa aibu. Ukiweka gramu 15 za hiyo badala ya kakao umeongeza sukari na umetia kakao ya kunusia tu. Nunua kakao tupu, isiyo na sukari. Nchi inayolima kakao kule Kyela, halafu sisi tunapikia sukari ya rangi!

La mkaa nimeliona. Pima yai kwanza.

Tena, kabla hujawasha chochote, livunje, lipime, uandike hapa limetoka gramu ngapi. Kama mizani huna, azima. Muuza dagaa wa mtaani hawezi kukusaidia, yake inaanzia robo kilo, lakini anayeoka keki za harusi jirani yako lazima anayo.